Majedwali ya kanzidata kwa Python: msimbo mmoja kwa SQLite, MySQL na PostgreSQL

Chukua duka la jumla Kariakoo: kompyuta ya kaunta ina SQLite, seva ina PostgreSQL, na tawi jingine limelipia seva ya bei poa yenye MySQL tu. Ukiandika `CREATE TABLE` kwa mkono utatunza mafaili matatu. Tumia SQLAlchemy (maktaba ya Python ya kuelezea majedwali kwa msimbo) na Alembic (inayopeleka mabadiliko ya majedwali hayo kwenye kanzidata).

1. `pip install sqlalchemy alembic`, kisha `alembic init migrations`.

2. Aina za data. `String` isiyo na urefu inakubalika SQLite na PostgreSQL ila MySQL inaikataa, andika `String(120)`. Pesa weka `BigInteger`, `Float` usiiguse kabisa. `Integer` inakomea 2,147,483,647, na jumla ya mauzo kwa shilingi huifikia. Ila ufunguo mkuu (primary key) wa `BigInteger` haujijazi namba kwenye SQLite, kwa hiyo: `BigInteger().with_variant(Integer, "sqlite")`.

3. Majina ya masharti (constraints). Fanya hivi kabla ya jedwali la kwanza:

```
metadata = MetaData(naming_convention={
  "pk": "pk_%(table_name)s",
  "uq": "uq_%(table_name)s_%(column_0_name)s",
  "fk": "fk_%(table_name)s_%(column_0_name)s_%(referred_table_name)s",
})
```

Usipofanya hivyo, PostgreSQL itabuni jina lake, MySQL lake, na SQLite haitaweka lolote. Siku ya kuondoa sharti, Alembic inaandika `drop_constraint(None, ...)` na kazi inakwama hapo. Ukichelewa, majedwali yaliyokwisha kuundwa yanabaki na majina ya zamani. Itabidi uyabadilishe moja moja.

Kwenye `env.py` weka `target_metadata = metadata`, na ndani ya `context.configure(...)` weka `render_as_batch=True`, maana SQLite haiwezi kubadilisha masharti ya jedwali lililopo: Alembic huunda jipya, hunakili data, hufuta la zamani. Hapo ndipo penye hatari. Kama `PRAGMA foreign_keys` (swichi ya SQLite ya kusimamia viungo kati ya majedwali) imewashwa na jedwali la `mauzo` lina `ON DELETE CASCADE` kwenda `bidhaa`, kufuta `bidhaa` ya zamani kunafuta na mauzo yote, kimya kimya. Izime kabla muamala (transaction) haujaanza. Ndani ya muamala amri hiyo haifanyi kitu. Na nakili faili la SQLite kwanza, hata kama una haraka.

4. `alembic revision --autogenerate -m "bei"`. Lisome faili. Ukibadilisha jina la safu, Alembic huona safu moja imefutwa na nyingine imeongezwa, na data inaondoka; andika mwenyewe `batch_op.alter_column("bei", new_column_name="bei_rejareja", existing_type=sa.BigInteger())`; MySQL haikubali bila `existing_type`. Badiliko moja kwa faili: MySQL haitengui `ALTER` iliyokwisha kupita.

5. `alembic upgrade head` kwenye zote tatu, zikiwa na data ndani.