Sisimizi wa moto uani: mtafute malkia

Mwanangu wa mwisho alikanyaga kichuguu chao karibu na nguzo ya kamba ya kuanikia nguo. Nilipomfikia walikuwa wameshampanda hadi gotini. Sisimizi hawa hung'ata kwanza ili wajishikize, kisha hupinda tumbo na kuchoma kwa mwiba wa nyuma, tena na tena, wakizunguka palepale. Kesho yake kila alama ilikuwa kipele chenye kichwa cheupe. Usivitumbue, osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi. Lakini mtu akivimba uso au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali papo hapo.

Tangu siku ile nimejaribu karibu kila kilichomo jikoni, na nasema kwa uhakika: dawa isiyomfikia malkia ni kazi bure. Hutaga mamia ya mayai kwa siku, na vichuguu vingine vina malkia zaidi ya mmoja.

Unga wa mahindi uache. Wanasema sisimizi akiula hujaa na kupasuka. Sisimizi mkubwa hamezi chakula kigumu kabisa. Hukipeleka kwa mabuu, nao hukilainisha na kumrudishia kikiwa majimaji. Kwa hiyo unawalisha watoto wake. Siki hufuta njia yao tu. Petroli, tafadhali sana, usiimwage: inaharibu udongo na maji yaliyo chini yake, na cheche moja inatosha kukuunguza.

Mimi huanza na maji yanayochemka. Chagua asubuhi ya baridi kidogo, jua likiwa limeanza kupiga kichuguu, kwa sababu saa hiyo hupandisha mabuu juu wapate joto na malkia mara nyingi huwa nao karibu. Nenda polepole, usikanyage pembeni wala usichokoe kwa kijiti. Wakishtuka tu, malkia hushushwa chini. Kichuguu kimoja kinataka lita 10 hadi 12. Sufuria moja ya chai haifiki popote. Mimina taratibu kuzunguka ukingo, halafu katikati, mpaka udongo udidimie kama uji. Vaa viatu vya kufunika mguu, watoto wawe ndani, na ujue kwamba nyasi na mizizi iliyo hapo itakufa pia. Mara nyingi raundi moja haitoshi. Rudi baada ya siku tatu nne, gusa kwa kijiti kirefu. Wakitoka kwa fujo, chemsha tena.

Penye maua au mboga natumia chambo. Kijiko kimoja cha chai cha asidi ya boriki, kilichosawazishwa, na vijiko vinne vya chakula vya sukari, koroga katika nusu lita ya maji ya uvuguvugu mpaka viyeyuke. Usiongeze dawa ukidhani itafanya kazi haraka. Ikizidi, wafanyakazi hufia njiani kabla hawajamlisha malkia, na sisi tunataka waibebe mpaka nyumbani. Lowesha pamba, iweke ndani ya kopo lenye kifuniko kilichotobolewa matundu madogo, kisha lizike nusu ili mbwa au mtoto asilipindue. Andika SUMU juu yake. Liweke hatua chache kutoka kwenye kichuguu, si juu yake, na ubadilishe pamba ikikauka. Kazi hii huchukua wiki kadhaa.

Kichuguu kidogo kichanga nakichota kwa koleo na kukitumbukiza kwenye ndoo ya maji yenye sabuni nyingi ya vyombo. Sabuni ni ya lazima, maana kwenye maji matupu hushikana na kuelea. Kabla ya kuchota, paka poda ya mtoto kwenye mpini wa koleo na kuta za ndoo kwa ndani, juu ya maji. Wanapojaribu kupanda, miguu inateleza na wanarudi chini. Ndoo iache hivyo mpaka kesho yake ndipo uimwage.