Kufundisha watoto nyumbani Pennsylvania: panga mwaka wako kuanzia mwisho

Kila ifikapo Julai simu yangu haitulii. Mara mama wa Kikongo wa mtaa wa pili, mara kijana aliyeoa juzi tu na mtoto wake bado ananyonya. Swali ni lile lile: "Dada, tunataka watoto wasome nyumbani, tununue vitabu gani?" Nami jibu langu ni moja: usinunue kitabu. Tafuta kalenda.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Lancaster, natunza wazee zamu ya usiku. Wanangu wawili wanaingia darasa la 3 na la 5, na huu ni mwaka wetu wa nne. Ninayoyaeleza ni ya Pennsylvania tu. Mwenzako aliye Texas hapeleki karatasi popote, kwa hiyo usimsikilize akikwambia mambo ni rahisi.

Hatua ya 1: Jua mwezi Juni utadaiwa nini

Sheria ya hapa ni ya 1988. Inataka mtoto wa darasa la 1 hadi la 6 asome siku 180 au saa 900 kwa mwaka. Kuanzia la 7 ni siku 180 au saa 990. Ifikapo Juni 30, wilaya ya shule iwe imepokea barua ya mtathmini kwamba mtoto amesoma inavyotakiwa. Mtathmini ni mtu unayemtafuta mwenyewe, mara nyingi mwalimu mwenye cheti cha jimbo. Anazungumza na mtoto, kisha anafungua jalada lake: daftari la kila siku lenye majina ya vitabu mlivyosoma, sampuli za kazi zake, na kwa darasa la 3, la 5 na la 8, matokeo ya mtihani.

Chora jalada hilo kichwani sasa hivi, Julai, kana kwamba unalikabidhi kesho. Kazi yote ya mwaka ni kulijaza.

Hatua ya 2: Gawa siku 180

Mwaka wa kwanza niliiga shule: siku tano kwa wiki, wiki 36, kuanzia Septemba. Kwenye karatasi ilipendeza. Februari mafua yakaingia nyumbani, akaanza mdogo, akafuata mkubwa, nikamalizia mimi. Wiki tatu zikapotea na sikuwa na akiba hata ya siku moja. Tulisoma mpaka Juni 28, watoto wamenuna, nami natoka zamu macho mekundu.

Sasa tunasoma siku nne, Jumatatu hadi Alhamisi, kwa wiki 45. Jawabu ni 180 vile vile. Mwaka wa shule unaanza Julai 1, kwa hiyo tunaanza mapema, asubuhi tu, kabla jua halijakolea. Zinabaki wiki saba. Mbili naziweka Idi zote mbili, moja Desemba binamu zao wakiwa likizo, na nne sizigusi. Hizo ni za mafua, theluji na gari kuharibika. Ramadhani hatufungi shule, ila tunapunguza: kusoma na hesabu, basi. Kumbuka mwezi unarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, usinakili kalenda ya mwaka jana.

Hatua ya 3: Kiapo kabla ya Agosti 1

Hii ni karatasi unayoipeleka kwa msimamizi wa wilaya kila mwaka. Mimi huenda kwa notari akaigonga muhuri. Inataja watoto na umri wao, inathibitisha kwamba mzazi anayefundisha ana diploma ya sekondari au inayolingana nayo, na kwamba hakuna mtu mzima nyumbani mwenye hatia ya makosa fulani ya jinai ndani ya miaka mitano. Ambatisha rekodi za chanjo na malengo ya kila somo.

Watu wengi hutokwa jasho kwenye malengo. Andika kwa upana. "Atajifunza sehemu na desimali" inatosha. Ukiandika "atamaliza kurasa 212" umejifunga mwenyewe bila sababu. Na lipo jambo linalotuhusu sisi hasa: masomo yanayodaiwa na sheria lazima yafundishwe kwa Kiingereza. Kiswahili ni nyongeza yako. Mimi nakifundisha kwa kanga zangu: kila Alhamisi natoa moja, wanasoma jina lake, tunabishana mwenye kuivaa alikuwa anamsema nani.

Hatua ya 4: Kunja masomo, usiyapange foleni

Orodha ya masomo ya shule ya msingi ni ndefu: kusoma, kuandika, tahajia, hesabu, sayansi, jiografia, historia ya Marekani na ya Pennsylvania, uraia, afya, michezo, muziki, sanaa, na usalama, humo humo hatari za moto. Ukiyapanga kama kengele ya shule, nusu saa nusu saa, hufiki Oktoba. Mimi nilijaribu.

Tafuta jambo moja linalobeba masomo matatu. Moto na historia, kwa mfano: mwaka 1736 Benjamin Franklin na wenzake walianzisha kikosi cha kujitolea cha kuzima moto Philadelphia. Tulisoma habari hiyo, tukatafuta mji kwenye ramani, kisha watoto wakachora njia mbili za kutokea nyumbani kwetu moto ukizuka. Mdogo akagundua dirisha la chumba chake halifunguki, limegandishwa na rangi. Tukalirekebisha jioni ile.

Au hesabu na mapishi. Niliwaambia zamani kwetu nafaka ilipimwa kwa pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Nikawapa mchele na kikombe kimoja, tukakiita kibaba. Mkubwa alikuwa amesumbuliwa na sehemu mwezi mzima kwenye kitabu. Akapima vibaba vitatu, akanyamaza, kisha: "Kwa hiyo hii ni robo tatu pishi?" Kitabu tukakifunga, mchele tukaupika.

Hatua ya 5: Panga wiki sita tu

Mwaka mzima uwe na mistari mikubwa: mwezi huu sehemu, ujao desimali. Maelezo ya kina yasizidi wiki sita, kwa sababu mtoto ataruka mahali ulipodhani atakwama, na atakwama mahali usipopadhania. Vitabu azima maktaba ya umma kwanza. Nunua kile tu ambacho mmeshakiazima mara mbili.

Hatua ya 6: Daftari, siku ile ile

Hapa ndipo wengi huanguka. Nilishawahi kuacha wiki tatu, nikakaa kujaza kwa kukumbuka, niliishia kutunga. Sasa naandika wakati watoto wanakula, kabla sijavaa sare. Naliandika kwa Kiingereza kwa ajili ya mtathmini, lakini ukurasa wenyewe ni mfupi hivi:

*Siku ya 41, Jumanne. Hesabu: sehemu, kupima mchele. Kusoma: sura ya 3, kitabu cha vyura. Sayansi: yai, kiluwiluwi, chura. Michezo: baiskeli, dakika 40.*

Dakika tatu. Kazi za mkono zitie tarehe na uzitupie kwenye boksi moja. Mwisho wa mwaka chagua tatu kwa kila somo, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, ili maendeleo yaonekane bila wewe kuyaeleza.

Hatua ya 7: Machi, shika simu

Mtathmini mzuri hujaa mapema. Mpigie Machi, ulizia bei na kama anapenda kukutana ana kwa ana. Mtihani nao hauruhusiwi kusimamiwa na mzazi, kwa hiyo tafuta mtu mwezi huo huo. Sisi mama watatu tunasimamiana watoto.

Barua ikishapokelewa wilayani, omba uthibitisho wa maandishi uutie kwenye jalada. Jalada lenyewe baki nalo. Kisha chukua fomu nyingine ya kiapo: kutoka Juni 30 hadi Agosti 1 ni siku 32 tu, na notari naye huenda likizo.