Kuhamia Linux kwenye Kompyuta ya Zamani: Anza na Printa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10. Windows 11, kwa upande wake, haisakinishwi rasmi kwenye kompyuta isiyo na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama inayotunza funguo za siri, wala kwenye prosesa zilizo nje ya orodha yake, ambayo kwa Intel huanzia kizazi cha nane ukiacha chache tu. Matokeo yake ni kwamba mashine nyingi nzima zimebaki bila ulinzi, ilhali Linux, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, inaweza kuzihudumia kwa miaka mingi bado. Nionavyo mimi, mtu anayehama kisha akarudi alikotoka hashindwi na mfumo wenyewe. Hushindwa siku anapohitaji kuchapisha barua ya haraka na printa isiitike. Ndiyo maana nashauri printa ijaribiwe kabla diski ya kompyuta haijaguswa.

Kwa anayetoka Windows, Linux Mint, mojawapo ya matoleo mengi ya Linux, ni chaguo ninalolipendekeza bila kusita, kwa sababu menyu na madirisha yake hayamtupi mtu mbali na alichozoea, na toleo la 22 litapata masasisho hadi mwaka 2029. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 itakwenda vizuri zaidi na Mint yenye dawati jepesi la Xfce kuliko ile yenye dawati zito zaidi la Cinnamon. Yenye GB 2 itawaka na kufanya kazi, lakini kivinjari chenye kurasa nyingi kitailemea, wala hakuna Linux itakayobadili hilo. Ikiwa bado ina diski ya kuzunguka, kuiweka SSD, yaani diski isiyozunguka, kutaongeza kasi kuliko uamuzi mwingine wowote utakaoufanya. Hakikisha pia kwamba prosesa ni ya biti 64, kwa kuwa mifumo mingi mikubwa imeacha zile za biti 32. Hata Debian 13, toleo jingine la Linux lililotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32.

Nakili faili zako zote kwenye diski ya nje, pamoja na nywila zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari, kisha fungua nakala mbili tatu kwenye kompyuta nyingine ili uone kuwa kweli zinafunguka. Pakua faili ya ISO ya Mint, yaani faili moja yenye mfumo mzima, linganisha namba yake ya SHA256, inayothibitisha kuwa faili haikuharibika, na ile iliyochapishwa kwenye tovuti ya Mint, halafu iandike kwenye flashi ya GB 8 kwa kutumia Rufus au balenaEtcher, ukikumbuka kuwa kila kilichomo kwenye flashi hiyo kitafutika. Iwashe kompyuta upya huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua kifaa cha kuwakia, ambacho mara nyingi ni F12, F9 au Esc kulingana na mtengenezaji. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski.

Hapa ndipo pa kutulia. Unganisha Wi-Fi, iwashe printa, kisha fungua sehemu ya printa kwenye mipangilio. Kazi ya kupanga foleni na kutuma kurasa hufanywa na CUPS, programu iliyoanzishwa na Michael Sweet mwishoni mwa miaka ya 1990 na ambayo hutumika pia kwenye kompyuta za Mac. Ikiwa printa yako inaelewa AirPrint, utaratibu ambao Apple iliutoa mwaka 2010, au IPP Everywhere, utaratibu mwingine wa aina hiyo, kwa kawaida itajitokeza yenyewe bila kuhitaji draiva yoyote, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kuwasiliana na printa. Isipoonekana, kagua kwanza kama kompyuta na printa ziko kwenye mtandao mmoja, kwani Wi-Fi ya wageni kwenye ruta nyingi huzuia vifaa visionane. Ukurasa wa majaribio pekee hautoshi: chapisha hati halisi yenye picha, jaribu pande mbili za karatasi, kisha jaribu na skana kama ipo.

Printa za zamani zinataka uangalifu zaidi. Za HP nyingi hushughulikiwa na HPLIP, programu ya HP ya printa zake kwenye Linux, na amri ya hp-setup kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, itakuongoza hatua kwa hatua. Chukua mfano wa LaserJet 1020. Printa hii haihifadhi programu yake ya ndani, hivyo ni lazima kompyuta iipelekee upya kila printa inapowashwa, na programu hiyo hupatikana kwa amri ya hp-plugin. Ikikosekana, unatuma ukurasa na printa inakaa kimya kabisa, nawe unaweza kudhani kebo imekufa. Kwa Epson za wino, tafuta draiva ya ESC/P-R kwenye hazina ya programu. Brother hutoa draiva za Linux kwenye tovuti yake kama faili za .deb, aina ya vifurushi vya programu ambavyo Mint hutumia, nazo husakinishwa kwa mkono. Printa ya leza inayoelewa PostScript au PCL, lugha za kuelezea kurasa kwa printa, mara nyingi huridhika na draiva ya jumla. Ikiwa yako haikubali njia yoyote kati ya hizi, ni heri ujue sasa, wakati Windows yako bado iko palepale.

Printa ikishakubali, usakinishaji wenyewe ni mwepesi: bofya alama ya kusakinisha iliyo kwenye dawati, chagua lugha, saa na diski, kisha subiri. Mipangilio uliyoifanya ukiwa kwenye flashi haihamishwi, kwa hiyo andika pembeni draiva na amri zilizofanya kazi ili uzirudie.

Baada ya hapo, matatizo mengi yatakayokupata ni ya aina chache. Printa ikidai karatasi ya Letter wakati trei imejaa A4, badilisha ukubwa wa karatasi katika chaguo-msingi za printa. Hali hii huwapata hasa waliosakinisha kwa Kiingereza cha Marekani. Ikipotea kila baada ya siku kadhaa, huenda ruta inaibadilishia anwani, basi itengee anwani ya kudumu kwenye mipangilio ya ruta. Na kama karatasi ilikwama, ukaitoa, lakini kurasa bado haziendi, CUPS yaelekea imesimamisha foleni. Andika lpstat -p kwenye terminali uone jina la printa na hali yake, kisha andika cupsenable ikifuatiwa na jina hilo, na kurasa zilizokuwa zikingoja zitaanza kutoka.