Kofia za karatasi za sherehe ya watoto: kipimo kwanza, mapambo baadaye

Kofia ya koni haina tofauti kubwa na kikaratasi cha karanga kilichopinduliwa, na wengi huitengeneza hivyo hivyo: wanazungusha karatasi mpaka ishike umbo, wanabandika, kisha wanapunguza ukingo kwa mkasi. Kwa kofia moja njia hiyo hufaa. Ukitaka kofia kumi na tano kwa ajili ya siku ya kuzaliwa, kila moja itatoka na ukubwa wake. Kwa hiyo anza na kiolezo kimoja kilichopimwa vizuri, na zote zitafanana.

Kosa linaloharibu kofia nyingi ni kukata nusu duara. Nusu duara yenye urefu wa sentimita 18 kutoka kitovuni hadi ukingoni hutoa kofia yenye mzingo wa karibu sentimita 56 chini. Hiyo inazidi kichwa cha mtoto, hivyo inamshukia machoni. Kofia ya koni haivaliwi kama baraghashia inayobana kichwa. Inakaa utosini na kushikiliwa na lastiki. Kinachotakiwa ni theluthi ya duara. Kwa urefu ule ule wa sentimita 18, theluthi hutoa mdomo wenye mzingo wa karibu sentimita 38, kipenyo cha 12 na kimo cha 17. Hicho ni kipimo kizuri kwa watoto wa miaka minne hadi kumi. Kwa watu wazima tumia 22 badala ya 18.

Kuchora kiolezo

Huhitaji bikari. Usitumie kamba pia, maana kamba huvutika na duara linatoka limepinda. Kata kipande chembamba cha boksi, urefu sentimita 20, utoboe matundu mawili yaliyoachana sentimita 18 kamili. Tandaza boksi jepesi lililofunguliwa, chini yake weka kandambili kuukuu ili pini ipate pa kushika. Choma pini kwenye tundu moja, ingiza ncha ya penseli kwenye la pili, zungusha.

Sasa weka alama popote kwenye mstari uliochora. Kutoka hapo pima sentimita 18 kwa rula iliyonyooka, bila kufuata mpindo, hadi ikutane na mstari tena. Weka alama ya pili. Rudia, upate ya tatu. Unganisha alama ya kwanza na ya tatu na kitovu kwa mistari minyoofu: hiyo ni theluthi ya duara, bila kupima pembe. Ubavuni mwa mstari mmoja ongeza ulimi wa kubandikia wenye upana wa sentimita 1.5, uanzie sentimita 2 kutoka nchani. Ukiufikisha nchani kabisa, karatasi hujikusanya pale juu na kofia inakuwa na nundu. Ncha yenyewe ikate nusu sentimita: kofia haitachoma mtu, na utapata tundu la kupitishia uzi wa pamba ya juu, yaani kishada cha nyuzi kinachopamba ncha.

Karatasi

Manila, karatasi nene na ngumu, ndiyo inayofaa. Karatasi ya printa ya gramu 80 hulegea baada ya muda mfupi kwenye kichwa chenye jasho. Manila kubwa ya A1 hutoa kofia sita bila kubanana, na ya saba ukiigeuza kwenye upande uliobaki. Kalenda za ukutani za mwaka uliopita ni ngumu kiasi na bure kabisa, ila uso wake unaong'aa haushiki gundi. Usugue kidogo kwa msasa mahali ulimi utakapokaa.

Kabla ya kukata, kunja manila kwa wepesi, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande mmoja utakubali kwa urahisi zaidi, kwa sababu nyuzi za karatasi hulala kuelekea upande mmoja. Panga kiolezo ili kofia izungushwe upande ule rahisi. Ukienda kinyume, manila hupambana na gundi, na mshono unafunguka katikati ya sherehe.

Pamba ikiwa bado bapa

Kuchora kwenye koni iliyokwisha kubandikwa ni kazi ngumu, hasa kwa watoto. Wape vipande vikiwa bapa. Rangi ya maji hukunjamanisha karatasi, basi ipakwe nyepesi, na ikikauka kipande kilale chini ya vitabu usiku mmoja. Ulimi ubaki mtupu. Glita tunaikataa kwa kofia za watoto: inadondokea machoni na kwenye keki. Vipande vya kitenge vilivyobaki kwa fundi hupendeza kuliko glita, na havidondoki.

Kubandika

Vuta kipande taratibu juu ya ukingo wa meza mara tatu nne mpaka kianze kujikunja chenyewe. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayofanya mshono ukae. Paka gundi nyeupe safu nyembamba kwenye ulimi. Ikiwa nyingi, manila inalowa na kuteleza. Zungusha, ulimi uingie ndani, kisha bana ukingo wa chini kwa kibanio cha nguo. Katikati kibanio hakifiki, kwa hiyo ivalishe kofia kwenye chupa ya soda na ukandamize mshono kwa kidole dakika mbili. Selotepu ya pande mbili ni ya haraka zaidi. Ukitumia stepla, miguu ya pini itokee nje, uifunike kwa selotepu.

Lastiki

Bonyeza ukingo wa chini tu, mshono ukiwa katikati nyuma. Pembe mbili zinazojitokeza ndizo mahali pa matundu, sentimita 1 kutoka ukingoni. Bandika selotepu ndani *kabla* ya kutoboa, la sivyo lastiki itachana karatasi mtoto akiivuta, na ataivuta. Pima kutoka tundu hadi tundu ukipitia chini ya kidevu, punguza sentimita 4, kisha ongeza za kufungia mafundo. Kila fundo lifungie nusu ya kijiti cha meno kilichokatwa ncha, lisiponyoke.

Mtoto wa chini ya miaka mitatu asifungwe lastiki shingoni. Mtengenezee taji: ukanda wa manila wa upana wa sentimita 8, urefu sawa na mzingo wa kichwa chake kuongeza 4 za kupishana.

Ukingo mpya wa manila hukwaruza paji la uso. Bandika ukanda wa krepu, karatasi laini yenye mikunjo, wa sentimita 3 kuuzunguka, nusu nje, nusu ndani. Pamba ya juu ifanye kwa uzi wa sufu: zungusha uzi mara 60 kwenye uma, funga katikati, kata pande zote mbili, pitisha mkia wa uzi kwenye ncha na uubandike ndani. Ikiwa nzito kuliko hapo, kofia inalalia upande. Itie mwisho kabisa, siku yenyewe. Kabla ya hapo kofia zinapachikwa moja ndani ya nyingine na kufungwa kwenye mfuko wa plastiki, hasa pwani wakati wa masika, ambapo manila iliyoachwa wazi hunywa unyevu na kulegea.