Kuhama Nyumba Kisumu na Kurudishiwa Diposti

Kabla ya kufunga virago, soma mkataba wako. Nyumba nyingi za kulipiwa kila mwezi, kuanzia Migosi hadi Kondele, hudai notisi ya mwezi mmoja, nayo iandikwe, itiwe tarehe, na nakala yako itiwe sahihi na mwenye nyumba au msimamizi wa ploti. Usitegemee neno la mdomo.

Ushahidi ndio hurudisha pesa. Siku ya kukabidhi ufunguo, zunguka na msimamizi chumba kwa chumba, mkipiga picha kuta, sinki, vitasa na mita ya maji, kisha muandike pamoja kilichoharibika. Mimi niliwahi kukatwa gharama ya kupaka nyumba nzima rangi kwa sababu ya tundu moja la msumari, na sikuwa na picha hata moja ya kujitetea. Uchakavu wa kawaida haupaswi kutozwa mpangaji.

Usikae mwezi wa mwisho bila kulipa kodi ukidhani diposti itafidia, isipokuwa mmekubaliana kwa maandishi.

Mwenye nyumba akikataa kukurudishia diposti, mwandikie barua ya madai yenye siku ya mwisho ya kulipa, kisha uende Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, ambapo unaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili.