Wenye magoti yanayolia, sogeeni hapa

Kwanza ondokeni kwenye mbuzi ya nazi. Najua tui la kukuna mwenyewe halina mfano, lakini kukaa chini vile, goti limekunjwa muda wote, kunalitesa. Mimi siku hizi nakuniwa nazi hapahapa sokoni Tandika, na beseni la kufulia naliweka juu ya meza.

Gegedu, ule utando laini unaokinga ncha za mifupa ndani ya goti, likishasagika halioti tena, kwa hiyo lipunguzieni mzigo. Ukipungua kilo 1, goti linapumzishwa kama kilo 4 kila hatua. Chapati mbili za asubuhi, mama, iwe moja.

Halafu zoezi la paja. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mpaka unyooke kabisa, vidole vitazame dari, hesabu hadi 5, shusha taratibu. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Paja likiwaka moto ni sawa. Goti likichoma, punguza.

Fimbo hushikwa mkono wa upande usiouma. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya dukani, kila siku hapana, itakuharibia tumbo na figo.

Kupanda daladala tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza unaouma. Konda akikuharakisha, mwache apige kelele zake.