Somo: Kusoma matokeo ya utafutaji unapofuatilia habari za kesi

Unaandika jina la mshtakiwa kwenye Google. Matokeo mawili ya juu yanasema ametiwa hatiani, la tatu linasema ameachiwa huru, la nne linasema kesi imeahirishwa. Hapo huenda hakuna aliyedanganya. Kesi hupita hatua nyingi na kila hatua huacha habari zake mtandaoni, lakini injini ya utafutaji haipangi kurasa kwa kufuata kesi ilikofika. Inaangalia zaidi ukurasa unaoendana na maneno yako na unaotajwa kwa viungo na kurasa nyingine. Habari ya kutiwa hatiani mara nyingi ndiyo iliyosambaa sana, kwa hiyo inaweza kubaki juu hata baada ya rufaa kuibatilisha.

Chukua kesi ya Kardinali George Pell wa Australia. Alitiwa hatiani Melbourne tarehe 11 Desemba 2018, lakini amri ya mahakama ilizuia habari hiyo kutangazwa nchini humo hadi ilipoondolewa tarehe 26 Februari 2019. Agosti 2019 Mahakama ya Rufaa ya Victoria ikatupa rufaa yake, majaji wawili dhidi ya mmoja. Tarehe 7 Aprili 2020 majaji wote saba wa mahakama ya juu kabisa ya Australia wakafuta hatia hiyo, akatoka gerezani. Anayetafuta leo hukutana na habari za hatua zote hizo zikiwa zimechanganyika, na kila moja ilikuwa kweli siku ilipoandikwa.

Hatua ya 1: Bana maneno. Weka jina kamili ndani ya alama za kunukuu, kisha ongeza neno moja au mawili: jina la mahakama, mji au kosa. Akijitokeza mtu mwingine mwenye jina hilohilo, mwondoe kwa alama ya kutoa, mfano -mwanamuziki. Alama hiyo ishikane na neno. Ukiacha nafasi katikati, haifanyi kazi.

Hatua ya 2: Weka mipaka ya tarehe. Hapa ndipo wengi hukwama. Andika hivi:

"George Pell" after:2020-04-01 before:2020-04-30

Neno after: ni "baada ya" na before: ni "kabla ya". Mwaka hutangulia, kisha mwezi, kisha siku, na usiache nafasi baada ya nukta mbili. Anza na habari mpya kabisa kwa kutumia after: peke yake, halafu rudi nyuma kipindi kwa kipindi ukibadilisha neno la kutafutia: rufaa, adhabu, hukumu, ushahidi, dhamana, mashtaka. Tumia pia lugha ya nchi ambako kesi inasikilizwa, maana waandishi wanaokaa ndani ya mahakama kila siku huandika kwa lugha hiyo.

Usiiamini moja kwa moja tarehe inayoonekana kwenye matokeo. Injini huikadiria kutokana na alama mbalimbali za ukurasa: tarehe iliyoandikwa, pamoja na data iliyofichwa ya kuchapishwa na ya kuhaririwa. Gazeti likibadilisha picha kwenye habari ya zamani, habari hiyo inaweza kujitokeza kama ya wiki hii. Kurasa za matangazo ya moja kwa moja husumbua zaidi, kwa kuwa anwani moja hubeba taarifa za siku nzima: kichwa kinaweza kuwa cha jioni na dondoo lililo chini yake likawa la asubuhi. Fungua ukurasa, soma tarehe iliyo chini ya kichwa, kisha tafuta ndani ya habari siku ambayo mwandishi anasema tukio lilitokea.

Hatua ya 3: Tengeneza jedwali. Safu nne zinatosha: tarehe ya tukio mahakamani, mahakama gani, kilichoamuliwa, na kiungo. Andika tarehe ya tukio, si ya habari. Ukijaza mistari mitano au sita, mkanganyiko mwingi huisha wenyewe, kwa sababu utaona kwamba habari mbili zilizokuwa zinapingana ni za mahakama mbili tofauti.

Hatua ya 4: Ondoa nakala. Magazeti mengi hubeba habari ileile ya mashirika ya habari kama Reuters, AFP au AP. Nakili sentensi moja, itafute ndani ya alama za kunukuu. Ikijitokeza neno kwa neno kwenye tovuti kumi, hesabu chanzo kimoja.

Hatua ya 5: Fika kwenye hukumu yenyewe. Tafuta namba ya kesi. Hukumu ya mwisho ya Pell, kwa mfano, ni Pell v The Queen [2020] HCA 12; HCA ni kifupi cha High Court of Australia, ile mahakama ya juu kabisa. Ujue kwamba maktaba za hukumu kama AustLII ya Australia na BAILII ya Uingereza huzuia injini za utafutaji kuorodhesha hukumu zao. Kutoiona hukumu kwenye Google si dalili kwamba haipo. Ingia kwenye tovuti yenyewe na utumie kisanduku chake cha kutafutia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi na mwenzangu tumeandika maneno yaleyale, tumepata matokeo tofauti. Nimejaribu hali fiche (incognito), bado.

Jibu: Hali fiche inaondoa akaunti na historia yako, lakini mahali ulipo hapafichiki. Badilisha eneo na lugha kwenye mipangilio ya utafutaji, muweke sawa nyote wawili, ndipo mlinganishe.

Swali: Niko Ulaya. Chini kabisa pameandikwa kwamba baadhi ya matokeo huenda yameondolewa kwa sheria ya kulinda data. Ina maana huyu mshtakiwa ameomba afichwe?

Jibu: Hapana, ndugu. Ilani hiyo hutokea kwa majina mengi ya watu, hata ambao hawakuomba chochote. Msingi wake ni uamuzi wa Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya wa tarehe 13 Mei 2014. Kinachoondolewa ni kiungo pale unapotafuta kwa jina. Ukurasa wenyewe unabaki. Tafuta kwa namba ya kesi, mahakama na kosa, bila jina.

Swali: Kesi inaendelea lakini magazeti ya nchi husika yako kimya, huku ya nje yanaandika. Naweza kusambaza?

Jibu: Subiri kwanza. Uingereza, kwa mfano, kifungu cha 4(2) cha sheria ya kudharau mahakama ya mwaka 1981 kinamruhusu jaji kuahirisha utangazaji wa habari za kesi. Ukisambaza ukiwa ndani ya nchi hiyo, unaweza kushtakiwa wewe. Majina ya watoto na ya waathirika wa makosa ya kingono usiyaguse kabisa.

Swali: Mwalimu, habari niliyoisoma juzi haifunguki tena, na ile nakala ya ukurasa iliyokuwa ikihifadhiwa na Google siioni.

Jibu: Google waliondoa viungo vya nakala hizo mwaka 2024. Nakili anwani ya ukurasa, ibandike kwenye web.archive.org, tovuti inayohifadhi nakala za kurasa za zamani, kisha chagua tarehe kwenye kalenda. Ikiwa hakuna nakala, tafuta kichwa cha habari ndani ya alama za kunukuu, huenda gazeti limehamisha anwani tu.